Nobu moja saa sita, ingine saa nane: uache hivyo, usafishe, ubadilishe ama utoe kabisa?

Umenunua amplifaya ya mtumba, labda pale Luthuli Avenue, labda kwa jirani anayehama, umefika nyumbani umeunga spika mbili ukaweka nobu zote saa sita, alafu kushoto kunapiga ka kwa harusi na kulia kunanong'ona. Unaanza kusukuma ya kulia, saa saba, saa nane, mpaka sauti ya mwimbaji irudi katikati. Sa umebaki unaangalia nobu mbili zinaelekea pande tofauti na unajiuliza kama umeuziwa mashine mbovu.

Mara nyingi sio mbovu, ni kitu kidogo. Shida ni kwamba kuna vitu vidogo vinne ama vitano vinavyoleta dalili hio hio moja na kila kimoja kina dawa yake, ndio maana ukiuliza mafundi watatu unapata majibu matatu, mmoja anasema piga spray, mwingine anasema badilisha volyumu (kile kifaa kilicho nyuma ya nobu, ndicho kinashusha na kupandisha sauti), wa tatu anakwambia toa hizo nobu zote utawale na mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti inayokaa mbele ya amplifaya. Na kuna wale wanaoweka alama tu kwa kalamu na kuendelea na maisha. Mimi nasaidia na mitambo ya sauti kanisani huku Kayole na nimefanya zote nne kwa mashine tofauti, na kila moja niliona mahali inafaa na mahali inakuangusha.

Vitu vya kupimia

Nitaangalia kila njia kwa mambo matano: pesa, kazi na hatari yake, sauti zitalingana kiasi gani, itakaa muda gani, na inamfaa nani. Hapo kwa kulingana nitatumia desibeli, kwa hivyo tuelewane mapema. Desibeli 1 ni tofauti ndogo ambayo watu wengi hawaishiki muziki ukicheza. Desibeli 3 ni nguvu mara mbili, hio mtu yeyote aliyekaa katikati ya spika anaisikia. Desibeli 6 ni volti mara mbili, hapo tayari muziki umehamia upande mmoja. Ukiwa na multimita hesabu ni rahisi: upande mmoja ukisoma volti 1 na mwingine 0.89 hio ni desibeli 1, ukisoma 0.71 ni 3, ukisoma 0.5 ni 6.

Lakini kwanza jua ugonjwa

Hapa ndio nataka ukae kidogo, juu hakuna njia kati ya hizi nne itakusaidia kama shida haiko kwa nobu.

Zima mashine, badilishanisha waya za spika, ya kushoto iende kulia na ya kulia ije kushoto. Kama ni spika ile ile bado inanong'ona, basi ni spika ama waya wake, amplifaya haina makosa. Kama sasa ni spika ingine ndio imenyamaza, rudisha waya za spika kisha ubadilishanishe zile za kuingiza sauti. Unyamavu ukihama, ujue unatoka kwa mikisa ama kwa kebo.

Kebo imenifunza adabu. Jumapili moja ndugu mmoja wa kikundi cha sifa alinifuata kabla ya ibada akaniambia, "Ndugu, hii mashine upande wa kulia imelala." Nilikua tayari nishaamua Jumatatu naifungua. Kubadilishanisha kebo za XLR (zile za plagi ya duara yenye pini tatu), unyamavu ukahama. Nikafungua ile plagi nikakuta waya wa pini ya 3 umekatika pale kwa risasi ya kuunganishia waya (solda), nyuzi za shaba zimebaki zimeegemea plastiki. Kebo ya aina hio inabeba sauti kwa waya mbili, mmoja ukikatika sauti haipotei, inabaki tu nusu ya volti, desibeli 6 zimeenda na bado muziki unatoka vizuri tu. Ndio maana inadanganya sana. Ningekua nimebadilisha volyumu mbili nzima kwa sababu ya tone moja la risasi.

Angalia pia ile swichi ya nyuma ya stereo, paraleli na briji. Ikiwa kwa briji, yaani pande mbili zimeunganishwa kuwa moja, kwa mashine nyingi nobu moja tu ndio inafanya kazi.

Alafu nobu zenyewe. Zungusha zote kushoto mpaka zigote, uangalie mistari inaelekea wapi. Kama moja inagota saa moja na ingine saa mbili kasoro, kuna mtu aliivuta akairudisha vibaya. Shimo la nobu nyingi lina meno 18, kwa hivyo jino moja ni digrii 20, na ukikosea meno mawili ni kama umeruka saa nzima na zaidi kwa uso wa nobu. Vuta taratibu, rudisha sawa. Kazi imeisha na hujatumia hata shilingi.

Kama bado, fanya kipimo kimoja ambacho kwangu kinashinda vingine vyote. Toa spika. Chukua simu, cheza mlio wa hezi 200 (mita za bei rahisi zinasoma vibaya milio ya juu), weka sauti ya simu chini kabisa, ingiza kwa chaneli ya kushoto, fungua nobu mpaka mwisho, pima volti za AC pale spika huwa inaungwa. Bila kugusa simu hamisha kebo hio hio kwa chaneli ya kulia, pima. Rudia zote zikiwa saa sita, kisha saa tatu.

Zikilingana mwisho lakini katikati zinapishana, shida ni volyumu, hapo soma hizi njia nne. Zikipishana hata zikiwa zimefunguliwa mpaka mwisho, kuna kitu kimechoka ndani, kapasita (inayohifadhi umeme), rezista (inayozuia umeme), ama IC, yaani chipu, ya kuingilia, na hapo peleka kwa fundi umwambie namba ulizopata. Ukimpelekea namba atafanya kazi nusu ya muda.

Moja ya mashine nilizofungua ilikua inalingana vizuri kabisa mwisho, lakini saa sita pande mbili zilikua na tofauti ya karibu desibeli 12. Nikainama na tochi ya simu nikasoma migongo ya volyumu: moja imeandikwa A10K, ingine B10K (10K ni ukubwa wake, ohm 10,000). Fundi wa zamani alikosa ile ya kwanza akaweka iliyokua karibu. A kwa vifaa vingi vya Asia ni logi, ikiwa katikati inapitisha karibu asilimia 10 hadi 15 ya sauti. B ni linia, katikati inapitisha nusu. Zikifika mwisho zote zinapitisha kila kitu, ndio maana zinaonekana sawa. (Mashine za zamani za Ulaya hizo herufi zinaweza kuwa kinyume, kwa hivyo pima, usiamini maandishi peke yake.)

Njia ya kwanza: kuiacha na kuweka alama

Pesa: hakuna. Kipande cha mkanda wa karatasi na kalamu.

Kazi na hatari: nusu saa na hufungui mashine. Unaweka mlio, unapima ama unasikiliza ukiwa katikati ya spika, unachora mstari pale zinalingana. Hatari ni watu. Mtoto anapita anazungusha, ama fundi mgeni anakuja anaona nobu hazilingani anazi"rekebisha" zote saa sita.

Kulingana: inaweza kuwa nzuri kuliko watu wanavyodhani, ndani ya desibeli 1 kabisa, ila kwa ile nafasi moja tu uliyochora. Ukishusha zote kidogo zinapishana tena. Kuna ujanja hapa: volyumu mbili za kawaida za logi hupishana zaidi zikiwa chini, na kadri unavyofungua zinakaribiana. Kwa hivyo zifungue sana, saa nane kwenda juu, kisha ushushe sauti kwa mikisa ama kwa simu. Hio peke yake imemaliza shida ya watu wengi niliowasaidia.

Kukaa: kama volyumu ni safi, miaka. Kama inakwaruza, alama ya leo sio ya wiki ijayo.

Inamfaa: mwenye mashine imekaa mahali pamoja na kuna mikisa mbele yake. Kanisa, ukumbi, sebule.

Njia ya pili: kusafisha

Pesa: mkebe mmoja wa dawa ya kusafisha kontakti, na utakutumikia kwa redio, mikisa na rimoti za nyumba nzima.

Kazi na hatari: sio kubwa lakini lazima ufungue, na hapa naomba unisikilize vizuri. Amplifaya ya wati 200 kwa ohm 8 ina volti zaidi ya 60 kila upande wa pawa saplai, chanya na hasi, na kapasita zinabaki na huo moto hata umechomoa stima. Chomoa, ngoja, kisha pima kapasita na mita kabla mkono haujaingia. Zikiwa bado na volti, zimalize na balbu ya wati 60 ile ya zamani yenye waya ndani, iliyofungwa vizuri na waya mbili. Usigusanishe na bisibisi, inalipuka cheche na inaweza kuharibu.

Dawa iwe ya kontakti, isiyokula plastiki. Sio ile spray ya kufungua nati za kutu, inaacha mafuta na vumbi la Nairobi linashika pale pale, na petroli usifikirie hata. Ingiza kamrija ka mkebe kwa kale kamwanya karibu na miguu ya volyumu, piga kidogo tu, zungusha kutoka mwanzo mpaka mwisho mara 30, acha ikauke kabisa kabla ya kurudisha stima.

Kulingana: inategemea ugonjwa. Kama sauti inakwaruza, inapotea na kurudi ukigusa nobu, ama upande mmoja unaamka tu ukifika mahali fulani, kusafisha kunaweza kuirudisha kabisa. Kama ni A na B, ama ni volyumu mbili tu ambazo zilitoka kiwandani hazifanani, unaweza kuiogesha mkebe mzima na itabaki vile vile.

Kukaa: ukiwa na bahati miaka kadhaa, ukiwa mahali pa vumbi na mashine haina kifuniko, pungufu. Ikikwaruza tena baada ya wiki mbili, utepe wa ndani ya volyumu ambao sauti inapitia umelika, ama kuna kapasita inavujisha DC mpaka kwa volyumu. Hapo acha spray.

Inamfaa: mtu yeyote ambaye dalili yake ni mkwaruzo, na mwenye mashine iliyokaa stoo miaka bila kuguswa.

Njia ya tatu: kubadilisha volyumu zote mbili

Zote mbili, sio moja. Ukibadilisha moja unaanza tena ule mchezo wa kutofautiana.

Pesa: volyumu ya kawaida ni bei ya sahani ya chapo madondo, kinachokula pesa ni fundi kama huwezi kuchoma risasi mwenyewe. Nunua tano ama sita, nitakwambia kwa nini.

Kazi na hatari: hii ndio kubwa kati ya zote. Kabla hujaenda mjini andika ukubwa (10K, 20K, 50K), logi ama linia, idadi ya miguu na umbali kati yake, urefu wa kijiti kinachoshika nobu, na kama kijiti kina meno ama kimekatwa upande mmoja. Bora zaidi toa ile ya zamani uibebe mfukoni, uiweke juu ya kaunta kando ya mpya. Nimeshawahi kununua zenye umeme sawa kabisa na kijiti kifupi, nobu haikufika nje ya uso wa mashine. Kutoa ya zamani tumia pampu ya kunyonya risasi na usivute kwa nguvu, njia za shaba kwa bodi za zamani zinabanduka ka ngozi ya maharagwe. Ukimaliza, kabla ya kuunga spika, pima volti za DC pale spika huwa inaungwa: milivolti chache hadi makumi kadhaa sio shida, ikiwa ni volti nzima zima na urudi nyuma.

Kulingana: nzuri sana, ukizichagua. Volyumu za kawaida zinaruhusiwa kutofautiana asilimia 20, yaani 10K moja inaweza kuwa 8K na mwenzake 12K na zote ni halali. Kwa hivyo zile tano ulizonunua zipange mezani, zungusha kila moja mpaka katikati kabisa, pima kati ya mguu wa katikati na ule wa ardhi, gawanya kwa ukubwa wake wote. Hio sehemu ndio inaamua sauti, sio ukubwa wenyewe. Chukua mbili zinazokaribiana zaidi, uzirudie kupima robo ya mzunguko. Nikifanya hivi huwa napata ndani ya desibeli 1 karibu mzunguko wote. Na usidanganywe na zile zinazogonga tik-tik ukizungusha, nyingi ni volyumu za kawaida zilizowekewa meno tu, kugonga hakuzifanyi zilingane.

Kukaa: miaka mingi.

Inamfaa: mwenye A na B, mwenye utepe umelika, na mtu ambaye nobu zake zinashikwa kila siku, kama mwenye kukodisha mitambo kwa harusi na matanga ambapo kila ukumbi unataka sauti yake.

Njia ya nne: kutoa na kuweka rezista

Hapa volyumu inaondoka, rezista mbili zinakaa mahali pake kila upande, ama waya moja kwa moja, na sauti inatawaliwa na mikisa pekee.

Pesa: ndogo kabisa kwa vifaa.

Kazi na hatari: kuchoma risasi kama njia ya tatu, ila hutafuti kijiti cha kufanana. Fuata njia za bodi kwanza, kwa mashine zingine volyumu haiko mlangoni inashusha sauti, iko ndani ya saketi ya kukuza, na ukiitoa hovyo unaharibu. Hatari kubwa inakuja baadaye. Amplifaya nyingi za PA (za mitambo ya ukumbi na mikutano) zinakuza kati ya mara 20 na 40. Kwa ile ya mara 40, volti 1 ikiingia inatoka volti 40, na volti 40 kwa spika ya ohm 8 ni wati 200. Mtu akichomeka kebo mashine ikiwa imewashwa, ule mlio wote unaenda kwa spika na hakuna nobu ya kuushusha. Ndio maana mimi napendelea rezista mbili zinazolingana, 4.7K na 4.7K, zinashusha desibeli 6 na kuacha nafasi kidogo, badala ya waya mtupu. Waya mtupu pia unakuletea mvumo wote wa mikisa.

Kulingana: hakuna inayoshinda hii. Rezista za asilimia 1 zinakupa tofauti ambayo haifiki hata nusu ya desibeli, na haibadiliki.

Kukaa: haina kitu cha kuchakaa. Lakini mnunuzi wa kesho akiona nobu hazifanyi kazi atadhani imekufa, kwa hivyo hifadhi volyumu za zamani kwa karatasi uzibandike ndani ya kifuniko.

Inamfaa: mitambo iliyofungwa ukutani ama kabatini, yenye mikisa nzuri na mtu mmoja anayeijua.

Sasa wewe uko wapi?

Uko nyumbani, unasikiliza kutoka kwa simu bila mikisa: usitoe volyumu, utaihitaji siku simu italia kwa sauti ya juu. Anza na kusafisha kama kuna mkwaruzo, kama hakuna fungua sana na uweke alama.

Uko kanisani ama shuleni na wanaogusa mashine ni wengi: badilisha zote mbili zilizopimwa, ili nobu zikielekea pamoja sauti pia ziwe pamoja, juu huwezi kumfundisha kila kijana wa zamu maana ya mkanda wako. Kama uongozi umekubali kufunga kabati na ufunguo, rezista.

Unakodisha: badilisha, na usisafishe kama suluhisho la mwisho, mashine inayokwaruza katikati ya hotuba ya mzee wa ukoo hutaitwa tena.

Hujawahi kufungua kitu chenye kapasita kubwa na hauna mita: alama kwa mkanda leo, na fundi mwisho wa mwezi. Mwambie umepima nini hata kama ni kwa masikio tu, "zikiwa mwisho zinalingana, katikati hazilingani."

Bado hujanunua, umesimama dukani na muuzaji amekuwashia: shusha simu, mwambie afungue nobu zote mbili polepole mpaka mwisho huku unasikiliza mkwaruzo, kisha uombe mbadilishane kebo za kuingiza, upande kwa upande. Zikipishana mwisho, omba bei ishuke ya kutosha kulipa fundi ama uiache. Zikilingana mwisho na kupishana tu katikati, lipa ubebe, na ukipita kwa duka la vifaa nunua volyumu tano njiani.